Shaka la Kipimo: Uakisi wa Dunia, Joto Lake, na Mizani ya Mgonjwa

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo huelekezwa kujipima uzito kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya kifungua kinywa, akiwa amevaa nguo nyepesi zilezile. Akiona uzito umepanda kwa zaidi ya kilo 2 katika siku 3, anapaswa kuwasiliana na watoa huduma wake bila kungoja miguu ivimbe au pumzi ikate, kwa kuwa ongezeko la haraka namna hiyo si mafuta wala misuli. Ni maji yanayobaki mwilini. Mizani ya nyumbani, hata hivyo, aghalabu hailingani na ile ya kliniki. Huweza kuonyesha kilo 71 asubuhi, na mchana ile ya kliniki ikaonyesha kilo 69. Hapo ndipo wagonjwa wengine, na mara nyingine hata wahudumu, hufikia uamuzi wa hatari: mizani ni mbovu, basi daftari lote la uzito halina maana.

Uamuzi huo unachanganya maswali mawili. La kwanza ni uzito wa mgonjwa ni kiasi gani. La pili ni uzito huo umebadilika kwa kiasi gani tangu juzi. Mizani inayozidisha kilo 2 kila siku hujibu vibaya swali la kwanza, na hujibu vizuri kabisa swali la pili. Kwa mgonjwa wa moyo, swali la pili ndilo linaloweza kumwepusha na kulazwa.

Mkanganyiko uleule umejitokeza katika jambo lililo mbali na wodi, nalo ni upimaji wa joto la Dunia. Hoja moja hurudiwa mara kwa mara katika mabishano kuhusu tabianchi, nayo huenda hivi: wanasayansi hawajui kwa uhakika Dunia inaakisi sehemu gani ya mwanga wa Jua, kosa dogo katika tarakimu hiyo hubadilisha joto linalokokotolewa kwa karibu nyuzi 1, na kwa kuwa ongezeko la joto linalotangazwa nalo ni nyuzi 1 hivi, basi limo ndani ya kosa na haliwezi kuthibitishwa. Haifai kuipuuza hoja hii, kwa sababu nusu yake ya kwanza ina ukweli. Inafaa ifuatwe hatua kwa hatua hadi mahali inapopotoka.

Hesabu yenyewe

Nje ya angahewa, katika umbali wa wastani wa Dunia kutoka kwenye Jua, kila mita moja ya mraba iliyoelekea Jua hupokea nishati ya wati 1,361 hivi. Dunia hukinga mwanga huo kama sahani ya mviringo, lakini ni tufe, na eneo la uso wa tufe ni mara nne ya eneo la sahani yenye upana uleule. Kwa hiyo wastani kwa uso mzima, mchana na usiku, ncha na ikweta, ni wati 340 kwa kila mita ya mraba.

Si zote zinazomezwa. Mawingu, theluji, barafu, mchanga wa jangwa na chembechembe za hewani hurudisha sehemu ya mwanga angani. Sehemu hiyo ndiyo uakisi, ambao wataalamu huuita albedo, nao hutajwa kwa namba kati ya 0 na 1. Theluji mpya huakisi zaidi ya 0.8, bahari iliyo chini ya Jua la utosini huakisi chini ya 0.1. Kwa Dunia nzima thamani inayokubalika ni baina ya 0.29 na 0.30, na karibu nusu yake ni kazi ya mawingu.

Ikiwa uakisi ni 0.30, nishati inayomezwa ni wati 238 kwa kila mita ya mraba. Ili kubaki katika mizania, Dunia hutoa kiasi hichohicho kwa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Kanuni ya Stefan na Boltzmann, iliyokamilika katika karne ya 19, hueleza kwamba nishati inayotolewa hivyo hukua kwa kipeo cha nne cha joto la kitu, joto hilo likihesabiwa kuanzia sifuri halisi. Ukikokotoa kinyumenyume kutoka wati 238, unapata nyuzi 18.6 chini ya sifuri. Hilo ndilo joto ambalo Dunia huonekana kuwa nalo inapotazamwa kutoka mbali. Usoni, mahali watu wanapoishi, wastani ni nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 33 hutokana na mvuke wa maji, hewaukaa, gesijoto nyinginezo na mawingu, ambavyo humeza mionzi inayopanda na kuirudisha sehemu yake chini.

Sasa uakisi ubadilishwe kidogo. Ukiwa 0.29, joto linalokokotolewa ni nyuzi 17.7 chini ya sifuri. Ukiwa 0.31, ni nyuzi 19.5 chini ya sifuri. Kosa la 0.01 tu limehamisha jibu kwa nyuzi 0.9. Kwa upande wa nishati, 0.01 ni wati 3.4 kwa kila mita ya mraba, kiasi kinachokaribia athari ya kuongeza hewaukaa angani mara mbili. Hadi hapa mtoa hoja yuko sahihi, na asiambiwe vinginevyo.

Jinsi tarakimu zilivyopatikana

Yeyote aliyewahi kuutazama mwezi mwandamo juu ya bahari, muda mfupi baada ya magharibi, ameona pia kwamba sehemu yake isiyoangazwa na Jua huonekana kwa mwanga hafifu wa kijivu. Mwanga huo umetoka kwenye Jua, ukaipiga Dunia, ukaakisiwa hadi mwezini, kisha ukarudi kwenye jicho la mtazamaji. Leonardo da Vinci alilieleza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 16. Katika miaka ya 1920 mwanaastronomia Mfaransa, André Danjon, alianza kuupima mwanga huo kwa kuulinganisha na ule wa sehemu angavu ya mwezi, na akapata uakisi wa Dunia unaokaribia 0.4. Mbinu yake ilikuwa ya busara na ingali inatumika, lakini tarakimu ilikuwa kubwa mno: kwa uakisi wa 0.4, joto linalokokotolewa hushuka kwa zaidi ya nyuzi 9.

Setilaiti ndizo zilizosahihisha. Mwaka 1959 setilaiti ya Marekani, Explorer 7, ilipaa ikiwa na kifaa kilichobuniwa na Verner Suomi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa imebainika kwamba Dunia ni nyeusi kuliko ilivyodhaniwa, uakisi wake ukiwa karibu na 0.3. Leo kazi hiyo hufanywa na vifaa vya mfululizo wa CERES, ambavyo kumbukumbu zake endelevu huanzia mwaka 2000. Shaka la vifaa hivyo katika kupima mwanga ulioakisiwa ni asilimia 1 hivi. Kwa kuwa mwanga wenyewe ni wati 100 kwa kila mita ya mraba, asilimia 1 ni wati 1, yaani 0.003 katika uakisi, na hiyo ni chini ya nyuzi 0.3 katika hesabu ya joto. Ile 0.01 inayotajwa katika hoja ni kubwa mara tatu ya shaka la sasa.

Kisa cha Jua lenyewe kina mafunzo zaidi. Setilaiti Nimbus 7, iliyorushwa mwaka 1978, ilipima nishati ya Jua ikapata wati 1,371 hivi kwa kila mita ya mraba. Vifaa vya baadaye vilipata 1,367, kisha 1,366. Mwaka 2003 kikarushwa kifaa kipya ndani ya setilaiti SORCE, nacho kikasoma 1,361. Mtu asiyefahamu vipimo angeweza kudai kwamba Jua limefifia kwa wati 10 katika miaka 25. Hakuna mtaalamu aliyedai hivyo. Kila kifaa, kikiwa juu au chini ya mwenzake, kilionyesha mawimbi yaleyale ya miaka 11, ya kiasi cha asilimia 0.1, yanayofuata kuongezeka na kupungua kwa madoa ya Jua. Vilitofautiana katika kiwango, vikakubaliana katika mabadiliko. Uchunguzi wa maabara ulibaini baadaye kwamba muundo wa vifaa vya awali uliruhusu mwanga wa pembeni kupenya na kuongezwa kwenye kipimo. Mizani ilikuwa inazidisha. Daftari la uzito lilikuwa sahihi.

Makosa ya aina mbili

Katika taaluma ya vipimo hutofautishwa kosa la bahati na kosa la mfumo. La bahati huyumba huku na huko: muuguzi akipima shinikizo la damu mara tatu hupata 138, 144 na 141, na wastani wake huaminika kuliko kipimo kimoja. La mfumo huvuta upande mmoja siku zote. Mkanda mwembamba ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa shinikizo kubwa kuliko lililopo, na kurudia mara kumi hakusaidii. Wastani wa makosa kumi yaliyoelekea upande mmoja ni kosa lilelile. Dawa yake ni ugezi, yaani kukilinganisha kifaa na kiwango rejea kinachoaminika, au kutumia njia nyingine isiyo na chanzo kimoja cha kosa na ile ya kwanza.

Watafiti wa Dunia walikutana na tatizo hili waziwazi. Wakitoa mwanga ulioakisiwa na mionzi ya joto inayotoka katika jumla ya nishati inayoingia, vipimo vya setilaiti vikiwa ghafi, hupata kwamba Dunia inabakiza zaidi ya wati 4 kwa kila mita ya mraba. Kiasi hicho hakiwezekani. Bahari zingepata joto kwa kasi ambayo haijaonekana. Hawakuficha jambo hilo. Walichukua njia ya pili, ya bahari, ambazo humeza takribani asilimia 90 ya joto la ziada. Maboya ya mpango wa Argo, yanayokaribia 4,000, huzama hadi kina cha mita 2,000 na kuibuka yakiwa na vipimo vya joto la maji. Vipimo hivyo huonyesha kwamba ziada ya mwanzoni mwa karne hii ilikuwa chini kidogo ya wati 1. Tarakimu za setilaiti hurekebishwa ndani ya mipaka ya shaka lao ili zilingane na bahari katika kiwango, lakini mabadiliko ya mwaka hadi mwaka huachwa jinsi setilaiti zilivyoyaona. Setilaiti na maboya, vifaa visivyo na chochote cha kushirikiana, vyote vilionyesha kwamba baina ya 2005 na 2019 ziada hiyo iliongezeka takribani mara mbili.

Na ule mwanga wa mwezi mwandamo? Watafiti wa kituo cha Big Bear huko California waliupima kuanzia 1998 hadi 2017, na wakakuta mwanga unaoakisiwa na Dunia umepungua kwa karibu wati 0.5 kwa kila mita ya mraba. Setilaiti nazo zimeona upungufu.

Hapa ndipo hoja ya mwanzo inapopotoka. Ongezeko la joto la Dunia halikupatikana kwa kukokotoa kutoka kwenye uakisi. Hesabu ya nyuzi 18.6 chini ya sifuri ni ya kufundishia; hueleza kwa nini Dunia ina joto lililonalo, lakini haitumiki kupima mabadiliko. Mabadiliko hupimwa kwa vipimajoto.

Vipimajoto na ndoo za mabaharia

Vipimajoto navyo vina mashaka yake. Wastani wa joto la Dunia kwa kipindi cha 1961 hadi 1990 hukadiriwa kuwa nyuzi 14, na shaka la nusu nyuzi hivi juu au chini, kwa kuwa milima, misitu na majangwa mengi hayana vituo. Lakini kwa swali la mabadiliko hakuna haja ya kujua kiwango hicho. Lushoto iliyo milimani na Tanga iliyo pwani hutofautiana kwa nyuzi kadhaa mwaka mzima. Hata hivyo, mwezi unaokuwa na joto kuliko kawaida yake Tanga, aghalabu huwa hivyo Lushoto pia. Kwa sababu hiyo kila kituo hulinganishwa na kawaida yake chenyewe, kama mtoto anavyolinganishwa na mstari wake mwenyewe katika kadi ya kliniki, na tofauti hizo ndizo zinazowekwa pamoja. Tathmini ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto zaidi ya miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.09, na shaka lake lilitajwa palepale: kuanzia 0.95 hadi 1.20. Sifuri haimo ndani ya mipaka hiyo, wala haikaribii.

Marekebisho ya kumbukumbu za zamani hushukiwa na wengi, na wasiwasi huo si wa kipuuzi. Mgonjwa naye angeshangaa kuona faili lake limefutwa na kuandikwa upya. Kisa cha ndoo kinafaa kusimuliwa. Zamani mabaharia walichota maji ya bahari kwa ndoo ya turubai, wakaiweka sitahani, wakatumbukiza kipimajoto. Maji yaliyolowesha turubai yalikuwa yakigeuka mvuke na kuchukua joto, kama jasho linavyoupoza mwili, hivyo kipimo kilisoma chini ya joto halisi la bahari. Baadaye meli za injini zilipima maji yanayoingia kupozea mitambo, nayo husoma juu kidogo. Bila marekebisho, bahari ingeonekana kupata joto kwa sababu tu ya kubadili ndoo. Marekebisho huinua tarakimu za zamani, na matokeo yake kwa Dunia nzima ni kupunguza ongezeko la joto la muda mrefu, si kulikuza. Waliodhani takwimu zilipikwa ili kutia hofu hawakutazama upande zilikoelekezwa.

Shaka lililobaki

Lipo shaka kubwa ambalo halijatatuliwa, nalo limo katika mawingu na chembechembe za hewani. Moshi wa viwanda na meli hutoa chembechembe za salfa zinazoakisi mwanga na kuyafanya mawingu kuwa meupe zaidi. Jopo lilikadiria kwamba tangu 1750 chembechembe hizo zimeipoza Dunia kwa kiasi cha wati 1.1 kwa kila mita ya mraba, lakini mipaka ya kadirio hilo ni kutoka 0.4 hadi 1.7, mpana kuliko wa gesijoto zote. Mlipuko wa volkano ya Pinatubo nchini Ufilipino, Juni 1991, ulithibitisha kwamba athari yenyewe ni ya kweli: salfa iliyorushwa juu ilipunguza joto la Dunia kwa karibu nusu nyuzi katika mwaka uliofuata.

Suala hili linaigusa afya moja kwa moja. Tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Kwa mapafu ya wakazi wa miji ya bandari ni habari njema, maana chembechembe hizo ni miongoni mwa visababishi vya magonjwa ya moyo na ya njia ya hewa. Lakini mawingu yaliyokuwa yakiangazwa na moshi huo yamefifia, na bahari humeza mwanga zaidi. Ni kiasi gani cha joto la miaka iliyofuata kinatokana na hatua hiyo, wataalamu bado wanabishana. Hakuna daktari atakayeshauri kurudisha moshi ili kuipoza Dunia. Ila anayepanga huduma za afya ajue kwamba sehemu ya joto ilikuwa imefichwa na uchafu, na kusafisha hewa huifichua.

Barafu ya Kilimanjaro, ambayo hutajwa sana katika mazungumzo kama haya, ni ndogo mno kubadili uakisi wa Dunia. Kupungua kwake ni dalili, si kisababishi.

Pale kiwango kinapokuwa muhimu

Isidhaniwe kwamba mabadiliko ndiyo yanayofaa kutazamwa siku zote. Yapo maamuzi yanayotegemea kizingiti, na hapo kosa la mfumo linaweza kuua. Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana, kisha hukadiria oksijeni kutokana na mwanga uliosalia. Rangi ya ngozi humeza sehemu ya mwanga huo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulichunguza wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha kuwa na oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Kipimo cha damu ya ateri kilionyesha kuwa baadhi yao walikuwa chini ya asilimia 88: asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 tu ya vipimo vya wagonjwa weupe. Kosa halikuwa la bahati. Lilielekea upande mmoja, kwa kundi moja, na upande wenyewe ni ule unaomnyima mgonjwa oksijeni.

Kwa mhudumu wa Afrika Mashariki maana yake ni hii: 93 kwenye kioo haiwi ruhusa ya kuacha kuhesabu pumzi, kutazama kama kifua kinabonyea, au kusikiliza kama mgonjwa anaweza kumaliza sentensi. Aliyekuwa 97 asubuhi na sasa ni 93 kwa kifaa kilekile na kidole kilekile ameshuka, hata kama 93 haijafikia kizingiti kilichobandikwa ukutani.

Vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso hufuata kanuni ileile ya Stefan na Boltzmann. Husoma mionzi ya ngozi, si ya damu iliyo ndani, na sehemu ndogo ya mionzi inayokifikia kifaa imeakisiwa kutoka ukutani au dirishani. Mtu aliyetoka juani husomwa juu. Aliyetoka jasho chini ya feni husomwa chini. Mama anayesema mtoto wake alichemka usiku kucha, huku kifaa mlangoni kikisoma 36.9, aulizwe mtoto alifunikwaje njiani, kisha apimiwe kwapani baada ya kutulia ndani.

Na yule mgonjwa wa moyo aachiwe mizani yake ya nyumbani, iwekwe sakafu ngumu mahali pamoja, na katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake iandikwe tofauti yake na ya kliniki: zaidi kwa kilo 2.